Itashika Tu

Liko neno moja dogo la gereji ambalo nalichukia kuliko matusi. Neno hilo ni "itashika". Fundi huchukua nati, huijaribu kwenye bolti, akaona inaingia kwa kulegea kidogo, au inaingia mizunguko miwili halafu inakataa. Huikaza kwa nguvu, hupangusa jasho, halafu humwambia mwenye gari: "Itashika tu, Mzee." Mwenye gari, kwa kuwa ana haraka na fedha zake ni kidogo, hujibu: "Haya, twende." Katika kurasa hizi chache nataka kulishitaki neno hilo. Sitalishitaki kama mtu aliye safi, maana mimi nami nimewahi kulipokea, tena nikalilipia.

Naanza na magari, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia. Mkazi wa Igowole hawezi kusema hajui malori. Ukiiacha barabara kuu ya Zambia pale Nyololo na kuja kwetu, utapishana na malori ya mbao, ya chai na ya nguzo. Na kwenye barabara kuu yenyewe yamepita magari ya kila taifa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipitishwa huku kwa malori, barabara ikiwa bado ya vumbi na tope. Baadaye Marekani ilitoa mkopo wa kuijenga upya kwa lami. Leo utaona vichwa vya Freightliner na International vikivuta makontena kuelekea Tunduma, vingi vikiwa vimekwisha kutumika kwingineko kabla ya kufika hapa. Kwa hiyo habari ya gari kuukuu la Kimarekani si hadithi ya mbali. Inapita mlangoni petu.

Sasa, gari la Kimarekani lililotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970 au katika miaka ya 1980 lina tabia moja ambayo anayelinunua haambiwi. Bolti zake si za ukoo mmoja. Zipo zilizopimwa kwa inchi na zipo zilizopimwa kwa milimita, katika gari lile lile, pengine zikiwa jirani kabisa. Wengi hudhani kwamba mchanganyiko huo umeletwa na mafundi wetu. La hasha. Mara nyingi gari lilitoka kiwandani likiwa hivyo.

Asili yake ni hii. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kwamba meno ya bolti zote yakatwe kwa kipimo kimoja, yenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864, huko Philadelphia, Mmarekani William Sellers akapendekeza digrii 60, na Wamarekani wakamfuata huyo wa kwao. Wote wawili walitumia inchi, lakini bolti ya mmoja haikukubali nati ya mwingine. Ilipofika Vita Kuu ya Pili, majeshi yaliyopigana upande mmoja hayakuweza kuazimana bolti. Ndipo mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada wakakubaliana juu ya meno ya aina moja. Wakati huo nchi za bara la Ulaya zilikuwa zimekwisha kujijengea desturi ya milimita, na Japani nayo ikaja kuishika. Katika miaka ya 1970 viwanda vikubwa vya magari vya Marekani vilianza kuhamia milimita, na Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuhimiza vipimo vya meta. Lakini sheria hiyo ilikuwa ya hiari. Injini na gia boksi zilizokuwa zikitengenezwa tangu zamani kwa inchi ziliachwa hivyo hivyo, maana kubadili mitambo ya kiwanda ni gharama. Sehemu zilizobuniwa upya zikatengenezwa kwa milimita. Gari moja likawa na lugha mbili.

Mtu atasema: inchi na milimita ni vipimo tu, kuna ubaya gani? Ubaya uko katika ukaribu wao. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Nusu inchi basi ni milimita 12.7. Spana namba 13 itaingia kwenye kichwa cha bolti cha nusu inchi, na mwenye haraka atafurahi. Akivuta kwa nguvu, ile sehemu ya kumi tatu ya milimita iliyobaki itazila pembe za kile kichwa mpaka kiwe mviringo kama yai. Baada ya hapo hakuna spana itakayokifungua, ila tindo na nyundo. Inchi 9 kwa 16 ni milimita 14.29: spana 14 haingii, na 15 inacheza. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na hapo spana 19 inafaa kwa kazi nyingi. Tazama basi mtego ulivyo. Penye robo tatu fundi anabahatisha na kupata, na kule kupata kunamfundisha kubahatisha penye nusu.

Na hivyo ni vichwa tu. Meno ndiyo yanayoua.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa shule, ambayo sitaitaja. Tulikuwa na pikapu moja kubwa ya Kimarekani, tuliyoachiwa na mradi uliofungwa. Ilikuwa ikibeba mahindi ya jikoni, mbao, wagonjwa, na mara nyingine timu ya mpira, jambo ambalo leo nikilikumbuka naona haya. Kila gurudumu lilishikwa na bolti tano, zile zilizochomekwa kwenye habu, ambazo mafundi huziita stadi. Siku moja stadi mbili za gurudumu la mbele la kushoto zilikatika. Wakati ule kupata spea ilikuwa kama kutafuta maziwa ya kuku. Nchi ilikuwa haijapata nafuu ya ukata uliofuatia vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na spea ya Kimarekani ndiyo kabisa. Fundi mmoja, ambaye naye simtaji, akatoa stadi mbili kwenye mkweche wa gari la Kijapani, akazigongea kwenye habu yetu, akafungia nati zetu zile zile za Kimarekani. Zikaingia vizuri mpaka mwisho. Akasema neno lile.

Dereva wetu hakuridhika. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, ambaye elimu yake ilikuwa ya darasa la nne. Alizikaza mwenyewe, akanijia ofisini, akasema: "Mwalimu, nati zile mbili zinazunguka bila kulalamika. Nati nzuri hulalamika kidogo." Mimi, mwenye cheti cha chuo cha ualimu na miaka kumi na mitano ya kufundisha hesabu, nilimwambia kwamba fundi ndiye anayejua, na kwamba jikoni hamna unga. Nikatia saini hati ya malipo.

Haikupita wiki tatu. Katika mteremko, akitoka Mafinga na magunia ya mahindi, gurudumu lile lilichomoka likamtangulia. Gari lilianguka ubavu. Mpishi aliyekaa naye mbele alitoka na michubuko. Dereva alivunjika mguu mahali pawili, na mfupa haukuunga sawasawa. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake alitembea kwa kuchechemea, na hakuendesha tena gari. Hakunilaumu hata mara moja. Alipokutana nami alinisalimu "Kamwene, Mwalimu", nami niliitikia huku nikiutazama ule mguu.

Baadaye nilitaka kuelewa. Nilizichukua zile stadi na zile nati, nikazipima kwa kalipa niliyoazima. Stadi ya Kijapani ilikuwa ya milimita 12, na kutoka jino hadi jino kulikuwa na milimita 1.25. Nati ya Kimarekani ilikuwa ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, yenye meno 20 katika inchi moja. Gawanya 25.4 kwa 20: unapata 1.27. Ndugu msomaji, tofauti kati ya jino na jino ni sehemu ya mia mbili ya milimita! Ndiyo maana nati ilikwenda mpaka mwisho bila kukwama. Lakini kwa kuwa stadi ilikuwa nyembamba, meno yalikuwa yakigusana kwa ncha tu, kama watu wawili wanaosalimiana kwa kucha. Mzigo wote ulibebwa na stadi tatu badala ya tano. Nilikuwa nimefundisha hesabu ile ile ya kubadili inchi kuwa sentimita kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu walikuwa wakiipata kwenye mtihani.

Hapa ndipo ninapotaka kutoa hoja yangu, na naitoa bila kuipaka asali. Kitu kisichoingia kabisa hakina hatari. Nati ndogo mno hukataa, na fundi hutafuta nyingine. Hatari iko katika kile kinachokaribia kuingia. Kisichoingia husema ukweli mara moja. Kinachokaribia hukaa kimya mpaka mtu awe barabarani.

Jambo hilo linaonekana hata nje ya gereji. Reli ya TAZARA, inayopita Makambako, ina upana wa milimita 1067. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1000. Tofauti ni milimita 67, upana mdogo kuliko kiganja. Lakini kwa kuwa kila mtu anajua kwamba behewa la huku haliwezi kupita kule, kilijengwa kituo Kidatu cha kuhamishia mizigo. Hakuna mtu aliyesukuma behewa akasema itashika. Kwa upande mwingine, mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao walichokituma kwenye sayari ya Mars, kwa sababu kundi moja la wataalamu lilitoa hesabu za msukumo kwa ratili na kundi jingine likazisoma kana kwamba ni za newtoni. Namba zilipita mezani zikaonekana ni namba tu. Kama mabingwa wale waliweza kupotea, sisi wa chini ya mkaratusi tujiangalie.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema: tusiingize kabisa magari ya inchi nchini. Hilo ni jibu la uvivu. Inchi haipo kwenye magari peke yake. Hapa Mufindi msitu wa Sao Hill unapimwa kwa meta za ujazo, lakini mbao inayotoka humo inauzwa mbili kwa nne, futi kumi na mbili. Nyumba moja hujengwa kwa nondo za milimita 12, misumari ya inchi nne na bomba la nusu inchi. Shamba ni ekari kwa mkulima, na ni hekta kwa ofisa. Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru tulianza shule kwa futi na ratili, tukaja kufundisha kwa meta na kilo. Tumeishi na vipimo viwili muda wote na tutaendelea kuishi navyo. Kosa si kuwa na viwili. Kosa ni kukataa kuuliza hiki ni kipi.

Wengine watasema kwamba nawaonea mafundi, watu wanaolala chini ya magari kwenye baridi ya Julai ili sisi tusafiri. Nawaheshimu kuliko wanavyodhani. Nimeona fundi wa Igowole akifufua injini ambayo mwenye kiwanda angeitupa. Ndiyo sababu nawadai zaidi. Mtu asiye na ujuzi nisingemdai kitu. Na wakisema spana za inchi ni ghali, nami nasema seti moja ya inchi ni rahisi kuliko mguu wa mtu. Katika mwaka 1987 tungeweza kujitetea kwa umaskini wa maduka. Leo nenda Mafinga, ukaangalie rafu zilivyojaa. Utetezi ule umekwisha, lakini neno limebaki, limegeuka mazoea.

Nawalaumu pia wenye maduka, nao wasijifiche nyuma ya fundi. Kuna anayeuza bolti kutoka kwenye kopo moja, za inchi na za milimita, mpya na zilizochomolewa kwenye mikweche, mnunuzi akichagua kwa kukisia. Bolti nyingi nzuri zinajieleza zenyewe kichwani. Ile ya milimita huandikwa namba, kama 8.8 au 10.9, na kila namba inaeleza nguvu yake. Ile ya Kimarekani huchorwa mistari: mitatu ni ya nguvu ya daraja la tano, sita ni ya daraja la nane. Isiyo na alama yoyote ni ya kufungia banda la kuku. Haya hayahitaji digrii. Yanahitaji macho na dakika moja. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hupambana na mizani ya wizi na magunia ya lumbesa, na hufanya vema. Lakini lumbesa inamwibia mkulima fedha, na bolti ya kukisia inamwibia abiria maisha. Hatujapata kuona haya kwa hiyo ya pili.

Lawama kubwa nairudisha nyumbani, kwa sisi walimu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na tukaupokea kwa jembe. Tulilima, tukafuga, tukafyatua matofali. Lakini ni shule ngapi zilimpa mtoto bolti mbili mkononi na kumwambia: hizi zinafanana, niambie kwa nini si ndugu? Tulifundisha ubadilishaji wa vipimo kama adhabu ya ubaoni. Mtoto alijua kwamba inchi ni sentimita 2.54, akapata alama ya vema, akaenda kuwa fundi, na siku ya kwanza gerejini akasahau, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba hesabu ile ilikuwa inahusu gurudumu. Vyuo vya ufundi navyo visifundishe milimita peke yake kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye silabasi. Wafundishe kijana kile atakachokikuta mitaani.

Ninachodai ni machache. Kila gereji iwe na masanduku mawili ya spana, moja la inchi na moja la milimita, yasichanganywe. Iwe na kalipa, na kile kibati cha kupimia meno, ambacho ni chepesi kama wembe. Mwenye duka atenge makopo na kuyaandika. Stadi ya gurudumu ikikatika, zibadilishwe kwa za kipimo cha gari lenyewe, pamoja na nati zake, au gari lilale. Nati iingie kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya spana kuguswa. Ikikataa, isilazimishwe. Ikicheza, itupwe. Na mwenye gari anapoambiwa "itashika", aulize swali moja: "Ni ya inchi au ya milimita?" Fundi asiyeweza kujibu hajamaliza kazi, na asilipwe.

Mwisho, mtu wa chini akisema kwamba nati hailalamiki, asikilizwe. Katika habari yote ile ya mwaka 1987 alikuwapo mtu mmoja tu aliyepima sawasawa, naye alipima kwa vidole vyake. Nilimnyamazisha kwa sababu mimi nilikuwa mkuu wa shule na yeye dereva. Hilo nalo ni "itashika", tena ndilo baya zaidi, maana linatoka kwa mwenye kalamu.

Zile stadi mbili ninazo mpaka leo, pamoja na nati zake, kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Wajukuu wakija likizo nawapa, nawaambia wafunge. Wanafunga mpaka mwisho, wanafurahi, wananirudishia. Ndipo nawaambia wavute kwa pembeni na wasikilize jinsi inavyocheza.